Baridi inapoondoka bustanini: tuta likanyagwe mwisho

Jua la kwanza lenye joto likitoka baada ya miezi ya baridi, kila mwenye bustani hutamani kushika jembe siku hiyohiyo. Hamu hiyo naijua vizuri, hunijia kila mwaka. Lakini hakuna wakati udongo unapoharibika kirahisi kuliko wiki hizo za mwanzo wa majira ya kuchipua. Juu unauona umekauka, umepauka hata, kumbe sentimita chache chini bado umelowa chepechepe. Mguu wa mtu mzima ukitua hapo, udongo hubanwa, hewa hutoka, na nafasi zile ndogo ambamo maji na mizizi vingepita huzibika. Utauona ubaya wake katikati ya joto, mimea inapodumaa na maji yanaposimama juu ya tuta badala ya kuzama.

Ndiyo maana kazi zangu za msimu huu nazipanga kwa kipimo kimoja tu. Zile zinazofanyika bila kukanyaga matuta hutangulia. Zinazotaka udongo uliokauka kiasi hufuata. Mbegu zinazopenda joto hukaa nyuma kabisa, hata anga ikinishawishi vipi.

Tarehe sitakupa. Majira ya kuchipua huhesabiwa kuanzia Machi kaskazini mwa ikweta na Septemba kusini, lakini bustani ya mlimani na ya bondeni, hata kama zinaonana kwa macho, huweza kupishana wiki mbili au tatu. Ndani ya bustani moja pia kuna tofauti. Kwangu, tuta lililo chini ya ukuta unaopigwa na jua la mchana huwa tayari siku nyingi kabla ya lile la chini penye mfinyanzi mzito. Basi tutafuata dalili: unyevu wa udongo, joto lake, na namna macho ya miti, yale yatakayochipua majani na maua, yanavyovimba.

Kabla hujaingia kwenye matuta

Anza na vifaa. Jembe butu halikati magugu, huyasukuma tu. Mkasi butu wa kupogolea huponda tawi badala ya kulikata, na palipopondwa ndipo vimelea vya magonjwa hupata mlango. Ondoa kutu kwa brashi ya waya, libane jembe vizuri lisicheze, ulinoe kwa tupa. Fuata mteremko uleule aliouacha mfuaji, upande mmoja, ukisukuma tupa kwenda mbele. Wakati wa kuirudisha iinue, kwa sababu meno yake hukata kuelekea upande mmoja na kuyaburuta kinyume huyamaliza. Mkasi nao unolewe upande wenye mteremko peke yake. Upande bapa upitishie jiwe mara moja tu, jiwe likiwa limelala kabisa, ili kuondoa ule ukingo mwembamba wa chuma unaosalia baada ya kunoa.

Mipini ya mbao isugue kwa msasa kisha uipake mafuta ya kitani. Na hapa nina onyo ambalo nalirudia kwa kila ninayemfundisha: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichojikunja kinaweza kuwaka chenyewe bila kuguswa na kiberiti. Kitandaze nje, mahali penye hewa, kikauke hadi kiwe kigumu, ndipo ukitupe.

Kisha toa mbegu zilizobaki mwaka jana uzipime. Chukua mbegu kumi za kila aina, zipange juu ya karatasi ya tishu iliyolowa, zikunje humo, zitie kwenye mfuko wa plastiki na uweke mahali penye joto. Baada ya wiki moja, au mbili kwa mbegu za polepole kama karoti, hesabu zilizotoa mzizi. Saba na zaidi, panda bila wasiwasi. Nne hadi sita, panda kwa wingi zaidi. Chini ya hapo tafuta mbegu mpya, maana hata zile chache zinazoota kwa kawaida hutoa mche dhaifu. Mbegu za vitunguu hupoteza nguvu upesi, mwaka mmoja au miwili tu. Za nyanya na matango zikihifadhiwa pakavu na penye ubaridi hukaa miaka minne na zaidi.

Wakati mbegu zinasubiri, fungua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bustani ni mali. Andika tuta gani lilibeba nini mwaka jana na mwaka juzi. Nyanya, viazi mviringo, pilipili na biringanya ni ukoo mmoja na zinashirikiana magonjwa. Kabichi, sukumawiki na figili ni ukoo mwingine. Ukoo mmoja usirudi kwenye tuta lilelile kabla ya miaka mitatu kupita. Mwenye tuta moja tu hana namna ya kuzungusha, lakini aandike vilevile, atajua ugonjwa ulianzia wapi.

Sasa miche ya ndani. Hii ndiyo kazi inayokuliwaza huku nje bado hakujaruhusu. Hesabu kurudi nyuma kutoka jalidi ya mwisho, yaani usiku wa mwisho ambao umande huganda ukawa mweupe juu ya majani. Wazee wa eneo lako wanaufahamu kwa makadirio, na vituo vya hali ya hewa hutunza kumbukumbu zake. Pilipili zinataka wiki nane hadi kumi ndani ya nyumba kabla ya kutoka, nyanya wiki sita hadi nane. Matango na maboga wiki tatu au nne zinatosha, na kila mbegu iwe kwenye kikopo chake, kwa sababu mizizi yake haipendi kusumbuliwa wakati wa kuhamishwa. Ukiwahi kupita kiasi utabaki na miche mirefu, myembamba, iliyojaa mizizi kwenye chombo kidogo, na ile iliyopandwa baadaye itaipita ikishafika shambani.

Mbegu za nyanya zinataka joto la nyuzijoto 20 hadi 25 za Selsiasi ili ziote, lakini zikishaota zipunguzie joto na uziongezee mwanga. Watu wengi hufanya kinyume: huacha trei juu ya kitu chenye moto siku nyingi baada ya kuota, dirisha likiwa mbali, na mche hurefuka ukitafuta jua hadi unaanguka. Trei ya dirishani igeuze kila siku, kwani mwanga wa dirisha hutoka upande mmoja.

Adui mkubwa hapa ni kinyausi, ule ugonjwa ambao mche uliosimama vizuri jioni unaukuta asubuhi umelala, shina limenywea pale linapogusa udongo. Huletwa na vimelea vya ukungu vinavyopenda maji mengi na hewa isiyotembea. Mche uliokwisha kushikwa hauponi. Kinga yake ni hii: osha trei na vikopo kwa maji ya moto na sabuni, tumia udongo mpya usiotoka bustanini, usisonganishe mbegu, ondoa kifuniko mara tu nyingi zikishatokeza. Maji yatie kwenye sinia la chini, udongo uyanyonye wenyewe, kisha umwage yaliyobaki. Acha uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena.

Miti, ingali imelala

Mitufaha na mipeasi ipogolewe mwishoni mwa baridi, macho yakiwa yamevimba kidogo lakini hayajafunguka. Wakati huo matawi yako uchi na unauona mti wote ulivyojengeka. Napenda kuuzunguka kwanza bila mkasi mkononi, nikiutazama kutoka kila upande. Halafu natoa kwa zamu: kilichokufa, kilichougua, kinachosuguana na tawi jingine, na kile kilichochomoka wima katikati ya mti kikizuia mwanga. Mara nyingi hayo manne yakiisha, kazi imekwisha. Usiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka, kwani mti uliokatwa sana hujibu kwa kutoa machipukizi mengi ya wima yasiyozaa, nawe utarudi mwakani na kazi mara mbili.

Namna ya kukata ina maana kuliko idadi ya matawi. Pale tawi linapoungana na shina utaona uvimbe mdogo, mkunjo wa ganda unaolizunguka. Kata nje kidogo ya uvimbe huo. Ukiukata wenyewe, umeondoa sehemu ambayo mti huitumia kufunga kidonda. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na uozo utaingia ndani. Tawi zito likatwe mara tatu. Kwanza kata kutoka chini, robo ya unene, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo ya pale ulipoanza, tawi lianguke bila kuchana ganda la shina. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki, kwenye uvimbe. Rangi wala lami huna haja ya kupaka, kidonda kilicho wazi na kikavu hujifunga chenyewe vizuri zaidi. Ukitoka kwenye mti wenye ugonjwa, futa mkasi kwa spiriti kabla hujagusa mwingine.

Mti mchanga ndio unaohitaji jicho lako zaidi. Samaki mkunje angali mbichi: matawi matatu au manne yaliyopangwa vizuri kuzunguka shina katika miaka ya mwanzo yatakuokoa na msumeno kwa miaka mingi ijayo.

Mizabibu usiichelewe. Ikikatwa baada ya utomvu kuanza kupanda hudondosha maji siku kadhaa. Haifi, lakini ni afadhali kuikata ingali imelala. Mipichi, miplamu na micheri, kwa upande mwingine, iache kwanza. Miti hii yenye tunda la kokwa moja hushambuliwa kirahisi na magonjwa yanayoingia kwenye vidonda vibichi wakati wa baridi na unyevu, kwa hiyo ngoja iamke na hali ya hewa iwe kavu.

Vichaka vya maua ndipo watu wanapojinyima maua ya mwaka mzima bila kujua sababu. Kichaka kinachochanua mapema, kabla au pamoja na majani ya kwanza, kilitengeneza vitumba vyake mwaka jana. Ukikipogoa sasa unakata maua yenyewe. Kisubiri kimalize kuchanua. Kile kinachochanua katikati ya joto huzaa maua kwenye machipukizi mapya, na hicho ndicho cha kukata sasa. Mawaridi yanayorudia kuchanua yamo kundi hili: kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mkato ukiteremka kuelekea upande wa nyuma wa jicho, maji yasije yakatuama juu yake.

Kuhusu mashina makavu ya maua ya mwaka jana na majani yaliyoanguka, nakuomba subira. Ndani ya mashina yenye uwazi wamelala nyuki wapweke, na chini ya majani kuna bangobango na wadudu wengine wanaokula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea. Ukichoma moto sasa, umechoma walinzi wa bustani yako. Ngoja mchana uzoee kupita nyuzijoto 10 kwa siku kadhaa mfululizo. Kama lazima ukate mapema, yafunge mashina hayo na uyasimamishe pembezoni mwa bustani, wadudu watoke kwa wakati wao.

Miti mipya inayouzwa ikiwa na mizizi mitupu, bila udongo, ipandwe kabla macho hayajafunguka. Loweka mizizi saa moja au mbili, chimba shimo pana kuliko mizizi lakini lisiwe na kina kingi, na hakikisha pale shina linapotanuka kuwa mizizi panabaki usawa wa ardhi. Mti uliozikwa shingo hufa polepole, kwa miaka. Mbolea usitie shimoni. Tandaza mboji juu, mbali kidogo na shina.

Udongo ukiwa tayari

Chimba kidogo kwa mkono, kina cha sentimita 10, uchukue konzi ya udongo. Ufumbate kwa nguvu, kisha fumbua kiganja na usukume bonge kwa kidole gumba. Likivunjika na kumomonyoka, uko tayari. Likibaki bonge, likang'aa pale ulipolibonyeza, rudi ndani, ujaribu tena baada ya siku chache bila mvua. Kichanga hukubali mapema, mfinyanzi huchelewa. Maji yana uwezo mkubwa wa kumeza joto kabla ya kupanda nyuzijoto hata moja, kwa hiyo udongo uliolowa hubaki baridi hata hewa ikiwa imepata joto. Kukausha na kupasha joto ni kazi moja.

Unaweza kuuharakisha kidogo. Kama ulifunika tuta kwa matandazo wakati wa baridi, yasogeze pembeni jua liguse udongo, utayarudisha baadaye mimea ikisimama. Plastiki iliyotandazwa wiki mbili kabla ya kupanda huzuia mvua na kuongeza joto. Matuta yaliyoinuliwa hukauka mbele ya mengine yote, na ni sababu nzuri ya kuyajenga. Upana wa mita 1.2 unatosha: utafika katikati kwa mkono kutoka kila upande, mguu haupandi tena. Kwa tuta pana kuliko hilo weka ubao na usimame juu yake, uzito utawanyike. Ubao huo una faida ya pili. Ukiuacha hapo usiku, asubuhi ukiugeuza utakuta koa wamejificha chini yake, nawe utawaokota kabla hawajaiona miche.

Kulima au kutolima? Kama udongo unapitika kwa uma wa bustani, mimi siupindui. Nachoma uma, nautikisa kuachia nafasi, nautoa, narudi nyuma hatua moja. Udongo unabaki katika mpangilio wake, nyungunyungu wanabaki na njia zao, na mbegu za magugu zilizolala chini haziletwi kwenye mwanga. Juu yake natandaza mboji iliyoiva, unene wa sentimita tatu hadi tano, basi. Mboji iliyoiva ni nyeusi, imemomonyoka, haina joto, na hunuka udongo wa mvua. Ikinuka mkojo au ikiwa bado ya moto, irudishe kwenye lundo, uigeuze, uongeze majani makavu.

Samadi mbichi isiingie kwenye matuta ya mboga msimu huu. Hupasua karoti zikawa na vidole, huunguza miche, na ina vijidudu vinavyowaletea watu magonjwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu kutiwa samadi mbichi hadi kuvunwa mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yale yasiyogusa. Hesabu tu siku 120 kutoka leo utaona saladi na figili zako haziwezi kusubiri. Chokaa nayo ingefaa kutiwa kabla ya baridi, kwa sababu huchukua miezi kubadili uchachu wa udongo. Mboga nyingi hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu huo, kati ya 6 na 7. Pima kabla ya kutia, na usiichanganye na samadi, maana naitrojeni hupotea hewani ikawa amonia.

Vitunguu saumu vilivyopita baridi ardhini mara nyingi hugeuka njano wakati huu hata kwenye udongo wenye rutuba. Viumbe wadogo wanaoyeyusha chakula cha mimea hawafanyi kazi vizuri kwenye udongo baridi. Vipe mbolea nyepesi yenye naitrojeni, vitaamka. Mimea mingine iliyosukumwa juu na kuganda na kuyeyuka kwa ardhi, mizizi ikatokeza, irudishe kwa kuibonyeza taratibu kwa kiganja.

Kuhusu magugu, kuna njia ninayoiamini kuliko dawa yoyote. Andaa tuta kana kwamba unapanda kesho: lisawazishe kwa reki, limwagilie kama ni kavu. Kisha usipande. Acha wiki mbili au tatu. Magugu yaliyo karibu na uso yataota yote kwa pamoja. Siku yenye jua yapitie kwa jembe kali, juujuu, kina cha sentimita moja au mbili, yakauke. Hapo ndipo upande mbegu zako, bila kuchimba tena. Kwa karoti na vitunguu, ambavyo huota polepole na havishindani na gugu lolote, njia hii ndiyo tofauti kati ya kuvuna na kukata tamaa.

Mbegu za kwanza

Nunua kipimajoto cha udongo, au tumia kipimajoto chochote kinachoweza kuchomekwa bila kuvunjika. Kichomeke sentimita tano hadi kumi, asubuhi, kabla jua halijapasha uso wa ardhi, na usome siku tatu au nne mfululizo. Kipimo cha alasiri moja yenye jua kitakudanganya.

Udongo ukishikilia nyuzijoto 5, njegere na spinachi zinaweza kuingia. Njegere zifukie sentimita tatu hadi tano, na vijiti vya kutambalia uvichomeke siku hiyohiyo, usingoje zianguke. Saladi huota kwenye ubaridi pia, tena joto likizidi sana hukataa kuota, kwa hiyo huu ndio wakati wake. Mbegu zake zinapenda mwanga, zinyunyizie udongo kidogo mno, au zibonyeze tu. Figili huingia hapohapo na kuvunwa kabla ya mwezi mmoja na nusu.

Karoti nazingoja hadi nyuzijoto 7 au 8. Huchukua wiki mbili, hata tatu, na katika muda wote huo uso wa udongo usikauke wala kufanya gamba. Changanya na mbegu chache za figili kwenye mstari huohuo: figili huota upesi, hukuonyesha mstari ulipo ukapalilia bila kubahatisha, na ukizing'oa huacha nafasi. Karoti zikifika kimo cha kidole, zipunguze hadi sentimita tano kati ya moja na nyingine. Kazi hii watu huikimbia kwa huruma, na mwishowe huvuna nyuzi.

Viazi mviringo vya mbegu vipange kwenye trei za mayai, upande wenye macho mengi ukitazama juu, mahali penye mwanga na ubaridi wa nyuzijoto 10 hivi. Unataka chipukizi fupi, nene, la kijani au zambarau, la sentimita mbili. Gizani hutoa chipukizi refu jeupe linalovunjika kwa kuguswa. Udongo ukiwa na nyuzijoto 7 hadi 10, vifukie sentimita 10 hadi 15, nafasi ya sentimita 30 kati yake. Majani yakitokeza na usiku wa jalidi ukitishia, yafunike kwa udongo kabisa, yatatoka tena.

Maharage, mahindi, maboga na matango yakae kwenye pakiti. Mbegu ya haragwe inayonyonya maji ya baridi katika saa zake za kwanza huumia ndani, na hata joto likija baadaye, nyingi huoza. Maharage yanataka udongo wa nyuzijoto 15 au 16, mahindi karibu na hapo, maboga na matango 18 na zaidi. Yaliyopandwa wiki tatu baadaye kwenye udongo wenye joto huyafikia na kuyapita yale yaliyowahishwa. Nimeliona hili kwenye matuta yangu mwenyewe mara nyingi, na bado kuna asubuhi yenye jua ambayo inabidi nijizuie.

Jalidi, na siku ya kutoa miche nje

Jalidi huja usiku wenye nyota nyingi, usio na upepo wala mawingu. Joto la ardhi hupanda likapotea angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kukaa sehemu za chini. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzijoto 2 au 3 huku majani yaliyo ardhini yameganda. Tembea bustanini asubuhi ya jalidi uangalie weupe umelala wapi. Mahali hapo pasipewe nyanya wala mti unaochanua mapema. Ukuta au ua mzito ulioko chini ya mteremko huifungia hewa hiyo isitoke. Kufungua mwanya chini ya ua husaidia.

Maua ya mtufaha yaliyofunguka huanza kufa kwenye nyuzijoto 2 chini ya sifuri, ilhali vitumba vilivyofungwa huvumilia baridi zaidi. Jioni ya hatari, mwagilia udongo mapema, kwani udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko mkavu. Funika kabla jua halijazama, sio usiku wa manane, ili unase joto linalotoka ardhini. Tumia shuka kuukuu au kitambaa chepesi juu ya vigingi, kifike chini pande zote. Plastiki isiguse majani, kwani yanayoigusa huganda. Asubuhi jua likipanda, ondoa kila kitu, la sivyo utapika kile ulichokiokoa.

Miche iliyolelewa ndani haijui upepo, jua kali wala usiku. Ipe siku saba hadi kumi za kuzoea. Siku ya kwanza itoe saa moja au mbili kivulini, mahali pasipo na upepo, uirudishe. Kila siku ongeza muda, kisha ongeza jua la asubuhi, kisha la mchana. Punguza maji kidogo bila kuiacha inyauke. Mwishoni iache nje usiku, mradi usiku haushuki chini ya nyuzijoto 10, ambapo nyanya na pilipili husimama kukua.

Ihamishe jioni au siku ya mawingu. Mwagilia vikopo saa moja kabla, shika mche kwa jani na si kwa shina: jani likikatika litaota jingine, shina likipondeka hakuna la pili. Nyanya izike hadi karibu na majani ya chini, shina lililofukiwa litatoa mizizi. Pilipili, matango na maboga yabaki kwenye kina kilekile yalichokuwa nacho kikoponi. Zungushia kila shina ukanda wa karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo, nusu nje, dhidi ya sota, wale viwavi wanaokata miche usiku usawa wa ardhi. Mwagilia tena kwenye shina, na lile shuka la jalidi liweke karibu kwa wiki nyingine mbili.